Safu ya Lugha: Kutohoa

Kule Bidbid, Oman, ambako zipo nyumba zenye Kiswahili na Kiarabu chini ya paa moja, neno "riwaya" halihitaji kamusi. Kwa Kiarabu ni usimulizi, habari ipokewayo na kupokezwa. Msimulizi ni "rawi". Sisi tukalifunga ndani ya kitabu.

Kwa hiyo riwaya ya mapenzi inapofanywa filamu, tuiteje kazi hiyo? "Kutafsiri" hakufai, lugha ni ileile. "Kuigiza" ni kazi ya waigizaji. Mimi nachagua "kutohoa", ingawa walimu wa sarufi wamezoea kulitumia kwa maneno tu. Neno lililotoholewa hutii sheria za mwenyeji wake: "kitabu" kilitoka Uarabuni, leo wingi wake ni "vitabu", na Mwarabu hucheka. Vivyo hivyo riwaya ikiingia kwenye filamu hutii sheria za filamu.

Tazameni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozwa, kisha anampenda Denge, mpinga ukoloni, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwongozaji Amil Shivji aliitohoa kuwa filamu mwaka 2021. Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmin mpaka ndoa nyingine. Filamu inambakisha kwa Denge, na kurasa za mazungumzo zinageuka kuwa macho na taarabu.

Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kimepunguzwa. Kimepunguzwa, ndiyo. Mimi ningelalamika zaidi kama wahusika wangepoteza Kiunguja chao, nacho kimebaki.