Hariri ya Bukhara na Mikono Iliyoitia Rangi

Katika historia ya mataifa tumezoea kuhesabu wafalme na vita vyao. Lakini hata kitambaa kinaweza kutufundisha habari za inchi na watu wake. Hapa tunataka kueleza juu ya hariri ya Bukhara, muji wa kale wa Asia ya Kati, ulio leo katika inchi ya Uzbekistani.

Hariri yenyewe ilitoka China. Mwandishi Prokopio anasimulia ya kwamba, karibu na mwaka 552, wamonaki walimuletea Kaisari Yustiniano mayai ya mududu wa hariri kule Konstantinopoli. Njia kubwa za biashara hiyo zilipita Bukhara na Samarkand, na watu wa huko nao walifuga wale wadudu kwa majani ya miforosadi. Wanawake ndio waliotunza mayai: walikuwa wakiyafunga katika kitambaa na kuyachukua mwilini, mpaka joto lao liyaangue.

Sasa tuone namna ya kuipamba. Mara nyingi mufumaji hufuma kwanza, kisha kitambaa kinapambwa. Huko rangi ilitangulia kufuma. Nyuzi za urefu zilinyoshwa, mufundi akachora alama kwa makaa, na wengine wakafunga kwa kamba zile sehemu zisizopaswa kupata rangi. Nyuzi zikazamishwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena mahali pengine kwa ajili ya rangi ya pili, na ya tatu vilevile. Wataalamu wanaita kazi hiyo ikati, kutokana na neno la Kimalai la kufunga. Watu wa Bukhara waliita abrbandi, maana yake katika Kiajemi ni kufunga mawingu. Kwani nyuzi zinasogea kidogo wakati wa kufuma, na kingo za pambo zinafifia kama kingo za wingu. Tena, kwa kuwa sheria ya Kiislamu inawakataza wanaume kuvaa hariri tupu, walifuma adrasi, yaani hariri kwa urefu na pamba kwa upana.

Katika karne ya 19 kazi hii ilifika kilele chake. Lakini hakuna taifa moja lililoifanya yote. Nyekundu na manjano, rangi za kupikwa motoni, zilikuwa hasa kazi ya Watajiki. Buluu ya nili, isiyopikwa, ilikuwa hasa kazi ya Wayahudi. Na hao Wayahudi walidharauliwa: walikatazwa kupanda farasi ndani ya muji, wakaamuriwa kujifunga kamba kiunoni pahali pa mukaba. Emiri alipotaka kumuheshimu mutu, alimupa joho la hariri. Basi wakubwa walijivunia buluu iliyotoka katika mikono ya watu waliofungwa kamba.

Baadaye mambo yakageuka. Warusi walitwaa Samarkand mwaka 1868, wakaondoa ufalme wa Kokand mwaka 1876. Mwaka 1920 emiri wa Bukhara naye akaangushwa. Rangi za viwanda zikaingia. Serikali ya Kisovyeti ikakusanya wafundi katika vyama na viwanda, na mapambo ya kale yakapigwa chapa juu ya vitambaa vya bei rahisi. Wayahudi wengi wa Bukhara wakahamia Israeli na Marekani. Wafundi waliojua rangi za mimea wakapungua. Kisha mwaka 2007, katika muji wa Margilan, kikaanzishwa kituo ambamo wafundi wanafundisha vijana, na mwaka 2017 UNESCO ikakiandika kati ya mifano myema ya kulinda urithi.

Sisi tunaofundisha watu tunapata nini hapa? Mutakatifu Paulo aliwaeleza Wakorinto juu ya mwili mumoja wenye viungo vingi. Bukhara ilikuwa na kitambaa kimoja chenye mikono mingi, lakini sheria yake haikukiri jambo ambalo kitambaa kilionyesha wazi. Hata kwetu Kongo, kati ya Wakuba wa Kasai, wanaume hufuma rafia na wanawake huitarizi. Kipande kizuri ni cha wote wawili. Tunaposimulia historia ya muji, ya kabila ao ya misioni yetu, tusiishie kutaja jina la yule aliyevaa joho. Tuulize pia ni nani aliyelitia rangi, na kama alipewa haki yake.