Katriji za tona: halisi au za kampuni nyingine?

Tarehe 30 Mei mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi uliowagusa wafanyabiashara wa tona hata nje ya mipaka ya nchi hiyo. Kampuni ya Lexmark ya Kentucky ilikuwa imeishtaki kampuni ndogo ya Impression Products ya West Virginia, kwa kununua katriji zilizokwisha kutumika, zilizojazwa unga upya, na kuziuza. Mahakama ilisema kwamba mwenye hataza akishauza bidhaa yake, iwe ndani ya Marekani au nje, haki ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha.

Uamuzi huo ulihusu uhalali wa biashara, si ubora wa bidhaa. Mnunuzi, awe mwalimu mkuu wa Mwanza mwenye mitihani ya kuchapisha au mwenye duka la steshenari mjini Nairobi, bado hana budi kuamua mwenyewe.

Sokoni huchanganywa bidhaa za aina nne. Katriji halisi hutolewa na mtengenezaji wa printa. Iliyokarabatiwa ni ganda la zamani lililosafishwa, likabadilishwa vipuri vilivyochakaa na kujazwa upya. Katriji mbadala ni mpya kabisa, lakini imetengenezwa na kampuni nyingine, na nyingi hutoka Zhuhai, kusini mwa China. Ya nne ni bandia, yaani ile inayobeba jina la mtengenezaji kwa udanganyifu. Katriji mbadala ni bidhaa inayouzwa waziwazi kwa jina lake; ya bandia ni wizi, na mara nyingi mnunuzi huilipia bei inayokaribia ile ya halisi.

Tona si wino wa maji, bali ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi na nta, wenye chembe ndogo mno. Umeme tuli huunasa unga kwenye silinda iitwayo drumu, kisha ukapelekwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto la nyuzi zinazokaribia 200 za Selsiasi. Chester Carlson alionyesha msingi wa njia hii mjini New York mwezi Oktoba mwaka 1938. Joto la kila printa hupangwa kulingana na tona yake. Unga unaoyeyuka kwa joto tofauti huacha mabaki kwenye roli, na kurasa zinazofuata hutoka na madoa.

Hapa muundo wa printa una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Tangu HP ilipotoa LaserJet ya kwanza mwaka 1984, ikiwa na mtambo wa Canon, printa nyingi za aina hiyo zimekuwa na drumu ndani ya katriji. Katriji ikiharibika hutupwa na drumu yake, na printa husalimika, ingawa unga ukimwagika ndani bado kuna kazi ya kusafisha. Katika printa nyingi za Brother na Kyocera, drumu hukaa peke yake. Tona duni huweza kukikwaruza kifaa hicho ambacho bei yake ni kubwa, na hapo nafuu ya bei hupotea. Mwenye printa ya namna hii anastahili kuwa mwangalifu zaidi.

Bei ya boksi peke yake haitoshi. Linalofaa kulinganishwa ni gharama ya kila ukurasa. Tuseme katriji halisi ni shilingi 9,000 za Kenya na inachapa kurasa 1,500: kila ukurasa ni shilingi 6. Mbadala ya shilingi 3,000 ikichapa kurasa 1,200, ukurasa ni shilingi 2.50. Hata katriji moja kati ya tano ikiwa mbovu, mbadala bado ni nafuu, mradi printa haikudhurika na kazi iliyokwama haikuwa ya dharura. Idadi ya kurasa iwe imepimwa kwa kanuni ya ISO/IEC 19752, ambayo hutumia kurasa za maandishi ya kawaida. Picha humaliza tona haraka zaidi.

Tatizo jingine ni chipu. Mwaka 2002 Lexmark iliishtaki Static Control, iliyotengeneza chipu za kuziwezesha katriji za wengine kukubaliwa na printa zake; mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliipa Static Control ushindi. Baadaye kampuni moja ya Zhuhai iliinunua Static Control mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaongoza kundi lililoinunua Lexmark yenyewe! Hata hivyo, programu mpya ya printa huweza kuikataa leo katriji iliyokubaliwa jana. Ni busara kumwuliza muuzaji kama atairudisha ikikataliwa, na kutoruhusu printa ijisasishe yenyewe.

Kuhusu dhamana, sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifuta kwa sababu tu mteja ametumia bidhaa ya kampuni nyingine. Lakini ikithibitika kuwa katriji hiyo ndiyo iliyoharibu printa, gharama ni za mteja. Kwingineko masharti hutofautiana.

Ofisi yenye printa ya thamani kubwa iliyo bado ndani ya dhamana, au inayochapa vyeti, haina sababu ya kubahatisha. Shule yenye printa ya zamani ya drumu ndani ya katriji inaweza kununua mbadala, ijaribu moja kwanza, na kuweka ya akiba kabatini kabla ya juma la mitihani.