Hofu ni Juu Yenu: Barua ya Askari na Krismasi ya 1978 Old Moshi



Vita vya Kagera vinakumbukwa kwa maneno makubwa. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa Novemba 1978, alituachia nia, sababu na uwezo. Neno nduli liliambatanishwa na Idi Amin hata likawa kama sehemu ya jina lake. Waganda nao walilichukua neno wakombozi, wakalitia kiambishi chao, wakawaita askari wetu bakombozi. Leo nitazungumzia kauli ndogo zaidi, ile ya mwanzo wa barua ya askari aliyekosa kurudi nyumbani wakati wa Krismasi. Hoja yangu ni kwamba kauli za kimazoea za barua, ambazo tumezoea kuziita salamu tu, ni ushahidi wa kihistoria.

Majeshi ya Amin yalituvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 3 Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Kufikia Desemba, askari wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuvuka Mto Kagera na kulikomboa eneo lililotekwa katika mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Hata hivyo, adui alikuwa bado Mutukula, mpakani, ambako hakuondolewa mpaka Januari 1979. Krismasi iliangukia katika kipindi hicho cha kungoja.

Kwa watu wa Old Moshi, kungoja huko kulikuwa na uzito wake. Siku hizi watani husema kwamba kila Desemba Wachaga hurudi kwao kuhesabiwa. Utani huo una ukweli ndani yake. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa, na pia ni makaburi ya wazee na mahali pa mtu katika ukoo. Mnyama anapochinjwa, kila fungu la nyama humwendea mtu kwa nafasi yake, na asiyekuwapo huonekana kwa fungu lake. Mwaka ule, mabasi na malori mengi ya raia yalikuwa yamechukuliwa kusafirisha askari, na vijana wengi wa mgambo walikuwa wamekwenda vitani.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Baba yangu mdogo alikuwa Kagera, na barua yake ilitufikia siku chache kabla ya sikukuu. Nilipewa kazi ya kumsomea bibi. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, ingawa bibi alizungumza Kimochi na ingawa Kimochi kilikuwa na maandishi yake tangu enzi za wamisionari. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kidia kwa miaka mingi, alikitafsiria Agano Jipya. Lakini baba mdogo alisomeshwa kwa Kiswahili, na katika handaki aliishi na watu wa makabila mengi. Kiswahili ndicho alichozoea kuandikia. Basi nikawa nasoma na kufasiri.

Nilifika mahali pale ambapo sote tulifundishwa shuleni: mimi ni mzima, hofu ni juu yenu. Bibi akanisimamisha. Akauliza, yeye ndiye aliyeko vitani, hofu inakuwaje juu yetu?

Sikuwa na jibu. Leo ninalo la kitaaluma. Wakati wa amani, kauli hiyo kazi yake ni kudumisha uhusiano tu; hakuna anayeitafuta hofu ndani yake. Wakati wa vita, umbo ni lilelile, uamilifu umebadilika. Mwandishi anaigeuza hatari: anaitoa alipo yeye, anaielekeza nyumbani, ili wa nyumbani wasiitafute aliko. Asingeweza kuandika kwamba anaogopa, wala kwamba haogopi, maana kukanusha kungeitaja hofu yake. Kauli ya kimazoea ikamsitiri. Na bibi, ambaye hakuzoea mapokeo hayo ya barua, ndiye pekee aliyeisikia kama ilivyosemwa.

Siku ya Krismasi aliweka kando fungu la nyama la mwanawe. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini sehemu ya jeshi letu ilibaki Uganda hadi 1981, na fungu hilo liliwekwa tena mwaka 1979 na mwaka 1980. Baba mdogo alirudi. Wapo wasiorudi, waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba, mbali na vihamba vyao. Kwa familia hizo, barua ya mwisho ingali inasema kwamba mwandishi ni mzima.

Wanafunzi wangu, barua hizo bado zimo masandukuni, Kilimanjaro na kwingineko nchini, na mchwa hawangoji ruhusa ya utafiti. Nendeni mkaziombe kwa adabu. Mkizisoma, msiruke mistari ya mwanzo ili kufika penye habari, kwa sababu huenda habari yenyewe imo humo.