Pembe ya Propela na Fundi Aliyebaki Chini

Historia ya ndege husimuliwa kupitia injini na mabawa, na propela hutajwa kwa kupita tu. Hata inapotajwa, sifa zote hupewa kifaa kilichomwezesha rubani kubadili pembe ya mapanga yake angani. Kwangu mimi, hatua iliyo kubwa zaidi ilitangulia hiyo: ni pale mapanga yalipoweza kulegezwa kwenye kitovu, kupimwa kwa kipimapembe na kukazwa upya na fundi aliyesimama chini. Hapo ndipo pembe ilipoacha kuwa uamuzi wa mchonga mbao, ikawa kipimo kinachoweza kujaribiwa na kusahihishwa.

Wachongaji wenyewe hawakuwa watu wa kubahatisha. Wilbur na Orville Wright walitambua kabla ya kuruka mwaka 1903 kwamba panga la propela ni bawa linalozunguka, wakalichonga kwa hesabu. Mwaka 1909 Louis Blériot alivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa propela ya mbao ya Lucien Chauvière, kazi ya ustadi mkubwa. Lakini mbao ikishachongwa imeamua. Pembe ndogo huiachia injini izunguke kwa kasi na kuvuta vizuri ndege ikiwa bado na mwendo mdogo, kwa hiyo ndege hupaa upesi. Ikifika kwenye mwendo wa safari, injini hugonga kikomo cha mizunguko ilhali ndege ingeweza kwenda zaidi. Pembe kubwa hufaa safarini, ila hulemea injini wakati wa kuruka. Ni kama baiskeli ya gia moja: ukiitengeneza kwa mlima, tambarare itakuchosha. Aliyetaka kubadili uamuzi ilibidi achonge propela nyingine.

Katika miaka ya 1920 mhandisi Frank Caldwell, aliyesimamia kazi ya propela za jeshi la Marekani huko McCook Field, Dayton, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele propela ya chuma yenye mapanga yanayofungwa kwa pembe itakiwayo. Faida yake ilionekana mbele ya dunia nzima tarehe 20 Mei 1927. Ndege ya Charles Lindbergh, iliyoanza siku hiyo kuvuka Atlantiki kutoka New York hadi Paris, ilikuwa na propela ya aina hiyo, na mapanga yake yalikuwa yamefungwa kwenye digrii 16.25. Pembe hiyo ilikuwa maafikiano: ilipendelea kuokoa mafuta safarini, na gharama yake ikalipwa wakati wa kuruka. Ndege iliyobeba lita zipatazo 1,700 za mafuta ilijikokota kwenye uwanja uliolowa wa Roosevelt Field, ikazipita nyaya za simu kwa takriban mita 6 tu. Baada ya saa 33 na nusu ilitua Paris. Hiyo robo ya digrii ina maana: kulikuwa na mtu aliyeipima.

Atakayepinga ataitaja Boeing 247, na ana hoja nzito. Mwaka 1933 ndege hiyo ilikuwa ikihangaika kwenye viwanja vya nyanda za juu za Marekani, ambako hewa ni nyepesi. Caldwell alipoifungia propela ambayo rubani angeweza kuipa pembe mbili tofauti, umbali wa kukimbia kabla ya kupaa ulipungua kwa asilimia 20, kasi ya kupanda ikaongezeka kwa asilimia 22, na mwendo wa safari kwa zaidi ya asilimia 5. Injini zilikuwa zilezile. Je, hili halionyeshi kwamba fundi wa chini alikuwa kizuizi tu? Linaonyesha kwamba ndege kubwa yenye tofauti pana kati ya mwendo wa kuruka na wa safari haitoshelezwi na pembe moja. Lakini pembe zote mbili zilikuwa na vikomo, na vikomo hivyo viliwekwa na kukaguliwa chini.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ndege ya de Havilland Comet iliyoshinda mashindano ya mwaka 1934 kutoka Uingereza hadi Melbourne. Rubani mmoja alikuwa Tom Campbell Black, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi katika siku za mwanzo za kampuni ya ndege ya Wilson Airways. Propela za ndege hiyo, za kampuni ya Ratier, zilijazwa hewa kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuruka ili zishike pembe ndogo. Mwendo ulipofika kiwango fulani, msukumo wa upepo uliifungulia hewa hiyo itoke, na mapanga yakahamia kwenye pembe kubwa. Angani hapakuwa na njia ya kuyarudisha. Kila kituo fundi alianza upya na pampu yake.

Lipo pingamizi la pili: kama pembe inayobadilika ni bora, kwa nini Cessna 172 nyingi bado zina propela ya pembe moja? Kwa sababu tofauti ya mwendo kwenye ndege ndogo ni finyu, na kifaa cha kubadili pembe huongeza uzito, bei na matengenezo. Kwenye ndege nyingi nyepesi zenye injini ya Rotax 912, kazi ya McCook Field inaendelea. Kila panga hupimwa kwenye umbali uleule kutoka kitovuni, mara nyingi robo tatu ya urefu wake, kwa sababu panga limesokotwa na pembe hubadilika kadiri unavyoelekea nchani. Mapanga yakitofautiana, ndege hutetemeka. Kisha injini hupewa moto wote ndege ikiwa imezuiwa, mizunguko ikasomwa, na baadaye ikasomwa tena angani: isizidi 5,800 kwa dakika, na hapo si zaidi ya dakika 5, kwa muda mrefu ni 5,500. Ikizidi, pembe huongezwa kidogo. Ikipungua mno wakati wa kuruka, hupunguzwa.