Gogo la Utingo

Nilianza kazi mwaka 1979 kama utingo wa lori la pamba, na kitu cha kwanza nilichokabidhiwa ni gogo. Lori likisimama mlimani, unaruka na kulisukumia nyuma ya tairi kabla dereva hajainua mguu kwenye breki. Ukichelewa, robota zote zinarudi bondeni pamoja nawe.

Nyashimo, nilikoanzia kazi, wakati huo ilikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Wilaya ya Busega na mkoa wa Simiyu, ilipo sasa, vimekuja mwaka 2012. Wazee walionifundisha walikuwa wamebebea ushirika. Vyama vya ushirika vya Usukumani vilikuwa vimeungana mwaka 1955 chini ya shirikisho la VFCU, likiongozwa na Paul Bomani, mkulima akaanza kuwa na sauti juu ya pamba yake. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, lakini malori ya Bedford yalikuwa bado barabarani. Wengi husimulia historia hiyo kwa mizani na bei. Mimi naikumbuka kwa breki, maana pamba haikujipeleka kiwandani.

Sasa tumefufua Bedford moja aina ya TJ, toleo lililoanza Uingereza mwaka 1958. Watu wanapiga picha rangi mpya. Mimi niko uvunguni. Natia jeki na stendi, naachia hendibreki, nazungusha gurudumu kwa mkono. Nakaza ajasta mpaka viatu vya breki vishike dramu na gurudumu ligome. Halafu narudisha kidogo kidogo, sikio nimelitega. Nataka lizunguke lenyewe, likikwaruza kwa mbali kama mtu anayeburuta ndala. Mara ya kwanza gurudumu la mbele kulia nililiachia mno: tulipojaribu njia ya Lamadi, nilipokanyaga breki usukani ulinivuta kushoto mpaka majanini. Nikarudia magurudumu yote, moja baada ya jingine.

Pedali ikizama laini, usikimbilie ajasta. Hewa imeingia kwenye mabomba, itoe kwanza.

Kuna kosa la ujana wetu linaloniuma. Vumbi la dramu tulilipuliza kwa mdomo, na lainingi za enzi zile zilikuwa na asbesto, inayoua mapafu. Kijana unayefungua dramu ya zamani leo, usipulize wala usifagie. Ziba pua na mdomo kwa barakoa maalumu ya kuzuia asbesto, si ya vumbi la kawaida, lowesha vumbi, futa kwa kitambaa kibichi, kifunge kwenye mfuko ukitupe. Na gogo lisitoke garini.