Rubani wa jeshi la akiba: mafunzo huchukua muda gani?

Vita vya Ghuba vilipoanza mwezi Januari mwaka 1991, ndege za kivita aina ya F-16 ziliruka kutoka kambi ya Al Kharj, kusini-mashariki mwa Riyadh, zikielekea Kuwait na Iraq. Kambi hiyo iko mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Al-Sulay, mtaa wa maghala ulio upande huohuo wa mji.

Miongoni mwa vikosi vilivyokuwa Al Kharj kulikuwa na viwili vya akiba, kimoja kutoka jimbo la New York na kingine kutoka South Carolina. Katika uwanja wa ndege wa Jeddah nako, ndege za KC-135, ambazo huzijaza ndege nyingine mafuta zikiwa angani, zilirushwa pia na marubani wa akiba. Wengi wa marubani wa aina hiyo, wakiwa makwao, huwa na ajira nyingine, hasa katika mashirika ya ndege za abiria.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili huenda likashangaza. Nchini Tanzania, jeshi la akiba ni mgambo, na mgambo hutembea kwa miguu. Mtu anawezaje kuwa mwajiriwa wa kiraia na papo hapo kukabidhiwa ndege ya kivita?

Jina moja, majeshi mawili

Saudi Arabia ina jeshi liitwalo Walinzi wa Taifa, na Marekani pia ina Walinzi wa Taifa. Yasichanganywe.

Walinzi wa Taifa wa Saudi Arabia ni jeshi kamili lenye wizara yake tangu mwaka 2013, na kwa desturi limetegemea makabila yenye uaminifu kwa ukoo wa kifalme. Mwezi Oktoba mwaka 2010, serikali ya Marekani ililiarifu bunge lake kuhusu mpango wa kuliuzia jeshi hilo helikopta, zikiwemo 36 za mashambulizi aina ya Apache na 72 za uchukuzi aina ya Black Hawk. Marubani wake ni wanajeshi wa kudumu. Wale wa Jeshi la Anga la Kifalme husomea Chuo cha Anga cha Mfalme Faisal, kilichoanzia Riyadh. Nafasi hizo ni za raia wa Saudi Arabia, na mgeni hazimhusu hata awe ameishi nchini humo miaka 30.

Nchini Marekani, Walinzi wa Taifa ni jeshi la akiba la majimbo. Sambamba nalo lipo Jeshi la Akiba la Anga, lililo chini ya serikali kuu. Yote mawili huchukua raia wasiowahi kurusha ndege na kuwafundisha tangu mwanzo, jambo ambalo si la kawaida duniani. Nchini Uingereza, kwa mfano, marubani wa akiba aghalabu ni watu waliokwisha kulitumikia jeshi la kudumu.

Uraia kwanza

Mafunzo yenyewe yana ratiba inayojulikana. Linalowakwamisha wahamiaji ni hesabu ya umri.

Rubani ni afisa, na afisa wa jeshi la Marekani sharti awe raia. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu huruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida tu, ingawa utumishi huo waweza kumharakishia uraia. Asipopita njia hiyo, kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kuomba uraia, au 3 akiwa ameoa au kuolewa na raia.

Kikomo cha umri ni kuanza shule ya urubani kabla ya kutimiza miaka 33. Kinachotazamwa ni siku ya kuanza mafunzo, si siku ya kuomba nafasi. Mtu aliyepata kibali akiwa na miaka 26 atakuwa na 31 au zaidi atakapoapishwa kuwa raia, na mwaka mmoja au miwili ya kutafuta kikosi na kusubiri nafasi yatosha kumfungia mlango. Msamaha wa umri hutolewa mara chache.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa katika matangazo ya jeshi. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2009, huruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo Mtanzania anayeapa kuwa Mmarekani hupoteza uraia wake wa kuzaliwa. Huo ni uamuzi wa familia nzima, si wa kijana mpenda ndege peke yake.

Kutoka maombi hadi mabawa

Mwombaji awe na shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Hufanya mtihani wa maandishi wa maafisa na mwingine wa kompyuta unaopima wepesi wa mikono na akili. Matokeo yake, pamoja na saa alizowahi kurusha ndege kwa gharama zake, hutoa alama kuanzia 1 hadi 99. Saa hizo za kulipia ni ghali, na hapo mtoto wa tajiri humtangulia mwenzake.

Kisha huomba nafasi kwenye kikosi chenyewe, kama mtu aombavyo kazi. Vikosi huchagua marubani wao, na mara nyingi huwataka waombaji wawatembelee kabla ya usaili, kwani wanayemchagua huenda wakaruka naye kwa miaka 20. Faida yake ni kwamba mwombaji hujua tangu awali ndege atakayorusha na mji atakaoishi.

Anayechaguliwa hupimwa afya katika kambi ya Wright-Patterson, Ohio, na wengine huanguka hapo kwa sababu ya macho. Hufuata uchunguzi wa usalama, ambao humchukua muda zaidi mtu mwenye ndugu wengi ng'ambo. Kuanzia kuchaguliwa hadi kuripoti chuoni, mwaka mzima waweza kupita.

Chuo cha maafisa kiko Maxwell, Alabama, na humchukua takriban miezi miwili. Akitoka hapo ni luteni usu. Baada ya majaribio ya awali ya kuruka, yaliyofanyika kwa miaka mingi Pueblo, Colorado, huanza shule ya urubani ya karibu mwaka mmoja katika kambi kama Columbus, Mississippi, Laughlin, Texas, au Vance, Oklahoma. Hapo hujifunza kwa T-6, ndege ya pangaboi yenye viti viwili. Wanaoelekea kwenye ndege za kivita wamekuwa wakiendelea na T-38, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Siku ya saa 12 ni ya kawaida. Akifaulu huvishwa beji ya mabawa, na hapo hapo deni la utumishi wa miaka 10 huanza kuhesabiwa.

Bado hajamaliza. Huenda Fairchild, jimbo la Washington, kujifunza kuokoka porini na kustahimili utekaji, kisha kwenye shule ya ndege yake: Altus, Oklahoma, kwa C-17 na KC-135, Little Rock, Arkansas, kwa C-130, au Tucson, Arizona, kwa baadhi ya wale wa F-16. Ndege za mizigo huchukua miezi michache, na za kivita zaidi ya nusu mwaka. Baadaye hurudi kikosini kuruka kila siku kwa miezi kadhaa chini ya wazoefu.

Kwa jumla ni miaka miwili hadi mitatu ya kazi ya kutwa, sawa na rubani wa kudumu. Neno "akiba" halipunguzi hata siku moja. Sheria ya mwaka 1994 humlazimu mwajiri kumrejesha kazini anapomaliza.

Baada ya hapo hudaiwa, kwa maandishi, wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwa rubani hesabu hiyo haitoshi, maana asiporuka mara kwa mara hupoteza ruhusa ya kuruka. Wengi hufika kambini siku kadhaa kila mwezi, katikati ya safari za mashirika yaliyowaajiri.