Robinson, Billy: mwanamieleka na mapambano yake

Billy Robinson (Manchester, 18 Septemba 1938 – Little Rock, Arkansas, 2014) alikuwa mwanamieleka wa kulipwa kutoka Uingereza, bingwa wa uzito wa juu wa nchi yake na wa Ulaya, na baadaye mwalimu. Ni mmoja wa mafundi wakubwa wa mieleka ya kachi, mtindo wa Lancashire unaomruhusu mshindani kumshika mwenzake popote, na kushinda ama kwa kuyabana mabega yake chini ama kwa kumlazimisha asalimu amri. Mkanda wa dunia wa NWA, chama cha Marekani, hakuupata, wala ule wa AWA. Hata hivyo wapenzi wa mieleka ya zamani huyatafuta mapambano yake ya miaka ya 1960 na 1970 kuliko ya mabingwa wengi waliovaa mikanda hiyo, na pambano lake la Tokyo la 1975 ndilo ambalo kwa kawaida mtu huonyeshwa kwanza akiuliza ufundi wa ulingoni ni kitu gani.

Ukoo na Wigan

Alizaliwa katika ukoo wa ngumi. Baba yake alikuwa bondia, na ami yake Alf Robinson alipigana ndondi kabla ya kuingia mieleka. Billy naye angefuata njia hiyo hiyo, lakini aliumia jicho akiwa mtoto na mlango wa ndondi ukafungwa. Akageukia mieleka ya ridhaa, akatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1957.

Kilichomfanya awe Robinson tunayemjua ni kibanda kimoja cha Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe, ambako Billy Riley alikuwa na chumba cha mazoezi kilichokuja kuitwa Shimo la Nyoka. Hakikuwa na fahari yoyote. Riley aliwafundisha vijana mshiko mmoja, jibu la mshiko huo, kisha jibu la jibu, na kazi ikarudiwa mpaka mwili ukaifanya bila kuuliza akili. Waliopita hapo ni pamoja na Billy Joyce, ambaye Robinson alimtaja maisha yake yote kama bora kuliko wote aliowahi kushikana nao, na Karl Gotch, mzaliwa wa Antwerp aliyeiwakilisha Ubelgiji katika Olimpiki ya London mwaka 1948. Gotch alifika Wigan akidhani anaijua mieleka, akakuta ana la kujifunza. Jina lake litarudi hapa chini, kwa sababu bila yeye pambano la Tokyo lisingekuwa na maana liliyo nayo.

Kwa Joyce huyo huyo Robinson alichukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1965 na wa Uingereza mwaka 1967.

Ufundi wake

Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa, na hakuna mtazamaji mzima anayehitaji kunong'onezwa hilo. Kisichopangika ni uzito wa mwili na mahali unapoegemea. Robinson alitoka mahali ambapo mshiko ulitumika kweli kabla ya kuonyeshwa, na tofauti hiyo huonekana hata kwenye picha chakavu: akishika kifundo cha mkono, bega la mpinzani huinuka; akimgeuza mtu, nyonga yake huwa imeshatangulia kufika.

Anayemtazama kwa mara ya kwanza na aiangalie miguu, si uso. Robinson hasimami tuli. Anazunguka kwa hatua fupi akitafuta upande ambao mpinzani ameuacha mwepesi, na mshiko unapoingia mara nyingi ni mguu ulioufungulia njia. Halafu tazama anavyojinasua. Wanamieleka wengi wakibanwa mkono hukunja uso, husubiri kidogo, kisha hupiga kiwiko. Yeye hutafuta njia ya kutoka ndani ya mshiko wenyewe: hubingirika kuufuata mkunjo badala ya kushindana nao, husimama kwa mkono mmoja, hupita chini ya kwapa, na akimaliza ni yeye aliyeshika. Mpinzani akijua kazi, naye hujibu. Mlolongo huo unaweza kuchukua dakika tatu bila pigo hata moja, na hapo ndipo mtazamaji aliyezoea kelele za televisheni za miaka ya 1980 huanza kupiga miayo. Hasara ni yake.

Jambo jingine ni daraja, yaani kujikunja juu ya kichwa na nyayo ili mabega yasiguse turubai. Katika kachi mgongo ni mahali pa hatari, kwa kuwa mabega yakibanwa umekwisha. Mwanajudo au mpiganaji wa jiu-jitsu anaweza kulala chali akapigana kutoka hapo. Mtu wa Wigan hawezi. Ndiyo maana Robinson, hata akirushwa, huonekana akijigeuza tumbo kabla hajatua sawasawa. Shingo ilikuwa sehemu ya kwanza iliyojengwa kwa Riley.

Silaha iliyomtambulisha ilikuwa kurusha kwa mikono miwili: humwinamisha mpinzani, huipitisha mikono yake chini ya mikono ya mwenzake na kuifunga mgongoni, kisha humpindua juu kwa nguvu ya nyonga. Wajapani waliuita mtupo huo kinu cha upepo cha kibinadamu, na jina likamgeukia mwenyewe. Alikuwa pia na mtindo wa kumwinua mtu na kumshusha mgongo juu ya goti lake, hatua iliyoonekana ya kikatili zaidi kwa jinsi alivyoifanya bila haraka.

Japani, 1968 hadi 1971

Robinson alikwenda Japani mwaka 1968 kwa chama cha Kokusai, kilichokuwa kikirushwa na televisheni ya TBS. Desemba mwaka huo akashinda mashindano ya dunia ya IWA na kuwa bingwa wake wa kwanza wa uzito wa juu. Kilikuwa kitu kigeni. Tangu siku za Rikidozan, nyota wa mwanzo wa mieleka ya Japani, mzungu katika ulingo wa huko kwa kawaida alikuja kuwa mwovu na kupigwa. Robinson akashangiliwa, akafundisha vijana wa chama, akawa nguzo yake.

Mwaka 1971 mashindano hayo yaliwakutanisha Robinson, Gotch na jitu la Kifaransa lililoitwa Monster Roussimoff, ambaye dunia baadaye ilimjua kama André the Giant. Roussimoff alishinda mashindano, lakini kinachokumbukwa na wajuzi ni sare za Robinson na Gotch. Ugomvi wa Robinson na mwanamieleka mwenzake Peter Maivia nje ya ulingo huko Tokyo mwaka 1968 husimuliwa na kila mtu kwa namna anayoipenda.

Pambano la 11 Desemba 1975

Pambano lilifanyika Kuramae Kokugikan, ukumbi wa sumo wa Tokyo, kuwania mkanda wa NWF uliokuwa kiunoni mwa Antonio Inoki, mwanzilishi wa chama cha New Japan. Sharti lilikuwa maangusho mawili kati ya matatu ndani ya dakika 60. Inoki alikuwa na miaka 32, Robinson 37.

Usiku huo huo, upande mwingine wa jiji, Giant Baba wa chama cha All Japan aliandaa onyesho la kumkumbuka Rikidozan katika ukumbi wa Nippon Budokan. Rikidozan, aliyefariki Desemba 1963, ndiye aliyewalea Baba na Inoki wote wawili. Inoki alitakiwa ahudhurie. Hakwenda, na magazeti yakapata la kuandika. Kwa hiyo alipopanda ulingoni alikuwa amebeba deni: ilimbidi atoe pambano litakalomfanya mtu asahau alikopaswa kuwa.

Kando ya ulingo, kama mashahidi rasmi, waliketi Lou Thesz, bingwa wa zamani wa dunia, na Karl Gotch. Uwepo wa Thesz ulikuwa heshima. Uwepo wa Gotch ulikuwa zaidi ya heshima, maana Gotch ndiye aliyemfundisha Inoki, na Gotch mwenyewe alikuwa amepita Wigan. Elimu ile ile ilikuwa imesafiri kwa njia mbili, moja ikipitia kwa Riley hadi kwa Robinson, nyingine ikipitia kwa Gotch hadi Japani, na sasa zilikuwa zinakutana mbele ya mtu aliyeunganisha njia zote mbili.

Pambano linakwenda zaidi ya dakika 40 bila angusho. Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo wengi hukimbilia mbele kwa rimoti. Inoki ni mrefu, mwenye viungo vinavyonyumbulika kupita kiasi, anayependa kumzunguka mtu kama mtambaazi. Robinson ni mpana zaidi, na kila mshiko wake una mzizi sakafuni. Mkono unashikwa, unafunguliwa, unashikwa tena kwa pembe nyingine. Kichwa kinafungwa, daraja linajengwa, daraja linavunjwa. Hakuna mshiko unaoachwa bila kudaiwa bei yake, na uchovu unaoonekana kuanzia nusu saa ni wa kweli, hata kama mwisho ulikubaliwa kabla.

Watazamaji walikuwa wakisubiri vitu viwili: kinu cha upepo cha Robinson na mshiko wa pweza wa Inoki, ambao huizungushia mguu shingo ya mtu huku mkono wake ukivutwa juu. Angusho la kwanza halikuja kwa chochote kati ya hivyo. Karibu na dakika ya 43, Robinson aligeuka mgongo kwa mgongo, akaifunga mikono ya Inoki kwa nyuma, akamtelezesha chini, mabega yakakaa. Moja, mbili, tatu. Ni hatua ndogo, ya kumpata mtu aliyekuwa akiangalia kwingine, na ukumbi ulichelewa kidogo kuamini.

Kuanzia hapo saa iligeuka mshirika wa Robinson. Alikuwa anaongoza na hakuwa na haja ya kushambulia, ilhali Inoki alikuwa na dakika kumi na saba za kuokoa mkanda wake. Kasi inapanda bila ufundi kushuka, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Inoki akapata pweza, na Robinson akasalimu amri. Zikabaki sekunde chache za kukimbizana, kisha kengele. Sare ya angusho moja kila upande, mkanda ukabaki kwa Inoki.

Wapo wanaosema sare hiyo ilikuwa salama mno na kwamba ililinda majina ya wote wawili. Ni kweli ililinda majina. Lakini ukiitazama kutoka mwanzo, sare ndiyo hukumu pekee ambayo dakika 60 zile ziliijengea hoja. Gazeti la Tokyo Sports lililitangaza kuwa pambano bora la mwaka. Hawakukutana tena: mwaka 1976 Robinson alihamia kwa Baba. Inoki kwa upande wake alikwenda kukabiliana na Muhammad Ali mwezi Juni 1976, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki inafaa kuongeza kwamba mwaka 1979 alipangiwa pambano na Idi Amin, mpango uliokufa Amin alipopinduliwa.

Marekani

Kuanzia miaka ya 1970 Robinson alifanya kazi hasa na AWA ya Verne Gagne huko Minnesota. Alitwaa mkanda wa watu wawili wawili pamoja na Gagne, kisha pamoja na The Crusher, na akaonekana katika filamu ya The Wrestler ya mwaka 1974. Katika shamba la Gagne alikuwa miongoni mwa waliowapa mazoezi chipukizi wa kundi la Ric Flair na Iron Sheik, na waliopita hapo hawakumkumbuka kwa upole.

Kanda zilizobaki

Sifa ya Robinson leo inategemea sana ni nani alihifadhi nini. Miaka yake bora ya Uingereza, alipokuwa kijana na mwepesi, ilipita katika mieleka ya Jumamosi ya televisheni ya ITV, na katika hiyo kilichobaki kinachomhusu ni kidogo. Mtindo wa huko ulikuwa wa raundi, maonyo ya refa na mapumziko, na vipande vilivyopo vinaonyesha Robinson mwenye mzaha zaidi kuliko yule wa Japani. Kanda za AWA ni za kubahatisha. Japani ndiko kwenye hazina: TBS kwa Kokusai, NET kwa pambano la Inoki, na Nippon TV kwa miaka yake na All Japan, ambamo mapambano dhidi ya Jumbo Tsuruta ya mwaka 1977 yanastahili kutazamwa mara tu baada ya lile la Inoki. Tsuruta alikuwa kijana aliyetoka Olimpiki ya 1972, na unaweza kuona Robinson akimfundisha na kumpiga kwa wakati mmoja. Pambano lake na Nick Bockwinkel wa AWA, la mwaka 1980, ni la watu wawili wazima wanaojuana, polepole kidogo, lakini halina hatua iliyopotea.

Ualimu

Magoti na nyonga vilimshinda mapema. Katika miaka ya 1990 alifundisha UWFi, chama cha Nobuhiko Takada kilichoanzishwa mwaka 1991, na kisha katika chumba cha mazoezi cha Koenji, Tokyo, kilichorithi jina la Shimo la Nyoka mwaka 1999. Kazushi Sakuraba, aliyepitia UWFi, alimshinda mpiganaji wa jiu-jitsu Royce Gracie Mei 2000 baada ya dakika 90, na Agosti mwaka huo akamshinda Renzo Gracie kwa mkunjo wa bega ambao watu wa kachi wameutumia tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpiganaji Josh Barnett naye alijifunza kwa Robinson. Kumbukumbu za Robinson, Physical Chess, zilitoka mwaka 2012. Huko Wigan, kazi ya Riley iliendelezwa na mwanafunzi wake Roy Wood katika klabu ya Aspull, ambayo hufundisha watoto na watu wazima.